Kigoda Kilichoacha Kukunjika: Uamilifu na Nakshi katika Samani za Kale za Magharibi

Katika mijadala ya uhakiki tumezoea kuitazama nakshi kama kitu cha ziada. Chombo huundwa kwanza ili kitumike, kisha, ikiwa seremala ana muda na mteja ana fedha, ndipo huongezewa urembo. Mtazamo huu hujitokeza hata katika fasihi, pale fani inapochukuliwa kuwa vazi tu la maudhui. Makala haya yanadai kwamba historia ya samani za kale za Magharibi inaupinga mtazamo huo. Ushahidi wetu ni wa chombo kimoja: kigoda cha kukunja.

Historia za samani za Magharibi aghalabu huanzia Misri, kumaanisha kwamba Magharibi hiyo, angalau kwa upande wa useremala, ina mizizi Afrika. Huko Misri, tangu takriban mwaka 2000 K.K., kigoda cha kukunja kiliundwa kwa viunzi viwili vya mbao vilivyopishana mithili ya herufi X. Viunzi hivyo vilishikanishwa kwa pini mahali vinapokutana, na juu yake ikawambwa ngozi ya kukalia. Kilikuwa chombo cha safarini: chepesi kubebeka na rahisi kufunguliwa mbele ya hema la kamanda. Baadaye mafundi walianza kuichonga miguu yake mfano wa vichwa vya bata vilivyouma ubao wa chini. Kufikia hapo bado tunaweza kusema kwamba uamilifu unatangulia na nakshi inafuata.

Hata hivyo, kaburi la Mfalme Tutankhamun, lililogunduliwa na Howard Carter mwaka 1922, linatutatiza. Miongoni mwa samani zilizomo mna kigoda chenye miguu iliyopishana na vichwa vya bata, ila hakikunjiki. Pahali pa ngozi pamewekwa ubao wa mpingo uliopindwa kidogo, ukatiwa vipande vya pembe za ndovu ili ufanane na ngozi ya mnyama mwenye madoa. (Mpingo huo, kwa maoni ya wataalamu wengi, ni ule ule wa wachongaji wetu wa Afrika Mashariki.) Seremala huyu ameiga mkunjo bila kukunja na ngozi bila ngozi. Kilichokuwa uamilifu sasa kimegeuka kuwa nakshi, na nakshi hiyo ina kazi yake: inamtangaza mwenye kukikalia kuwa amiri wa majeshi, hata kama hajawahi kulala hemani.

Wagiriki walikiita kigoda chao cha kukunja diphros okladias. Mbao zao nyingi zimeoza, hivyo tunakijua zaidi kutokana na michoro ya vyombo vya udongo, ambamo miguu yake mara nyingi inaishia katika nyayo za simba.

Ni Roma hasa iliyokipa kiti hiki nguvu za kisheria. Kwa mujibu wa mwanahistoria Livy, Warumi walikipokea sella curulis kutoka kwa majirani wao Waetruski. Kilikunjika, kilipambwa kwa pembe za ndovu na hakikuwa na egemeo. Waliostahili kukikalia ni maafisa wa ngazi za juu, kama vile makonsuli na mapretori, na kilibebwa kuwafuata walikokwenda kuamua kesi. Katika baadhi ya sarafu za karne ya 1 K.K. kiti hiki kimechorwa kikiwa kitupu, na mtazamaji alielewa kwamba kinachorejelewa ni mamlaka. Mwanafunzi wa fasihi ataitambua taashira hapa. Wala Mswahili hahitaji maelezo marefu, maana mwenyekiti wa mkutano hubaki kuwa mwenyekiti hata akisimama wima tangu mwanzo hadi mwisho. Kabla ya kuuawa mwaka 44 K.K., Julius Caesar alikuwa ameruhusiwa na Seneti kukalia kiti cha dhahabu. Kwa wapinzani wake, hiyo haikuwa habari ya samani.

Dola ya Roma upande wa magharibi iliporomoka katika karne ya 5 B.K., lakini umbo la X halikufa nayo. Katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, jijini Paris, kuna kiti cha shaba nyeusi ambacho mapokeo yanakihusisha na Mfalme Dagobert wa Wafaranki, aliyefariki mwaka 639. Umri wake ungali unabishaniwa. Miguu yake imepambwa kwa vichwa na nyayo za wanyama wa jamii ya simba, na mwanzoni kilikuwa cha kukunja. Baadaye kiliongezewa egemeo na pa kuwekea mikono, nacho kikaacha kukunjika, kama kile cha Tutankhamun. Mwaka 1804 Napoleon, aliyehitaji sana kuonekana mrithi wa wafalme wa kale, alikikalia huko Boulogne akiwatunuku askari wake nishani.

Lugha nayo imepitia njia hiyo hiyo. Neno la Kifaransa fauteuil lilitokana na neno la Wafaranki lililomaanisha kiti cha kukunja. Leo linamaanisha kiti kikubwa cha starehe chenye mikono, kisichokunjika kamwe. Kila mmoja wa wanachama 40 wa Akademia ya Ufaransa huchaguliwa kuchukua fauteuil yenye nambari yake.