Pointi Sita za Kuzibua Mtaro

Katika ligi nyingi za mpira, timu iliyoshinda huondoka uwanjani na pointi tatu. Katika ligi ya watoto wa Mathare, Nairobi, kuna njia ya kujipatia sita bila kupiga shuti hata moja. Timu inabeba reki, beleshi na toroli, inazibua mtaro na kuzoa taka za mtaa, na kazi ikikamilika pointi zinaingia kwenye msimamo wa ligi. Timu yenye washambuliaji hodari lakini inayokwepa usafi inaweza kupitwa na timu ya wastani isiyoogopa tope.

Utaratibu huo ni wa Mathare Youth Sports Association, MYSA, iliyoanzishwa mwaka 1987. Bob Munro, Mkanada aliyekuwa mshauri wa masuala ya mazingira, alikubali kuwasaidia watoto wa mtaa huo kupanga ligi kwa sharti moja: nao waufanyie mtaa wao jambo. Mwaka 1992 kazi hiyo ilipewa tuzo ya Global 500 na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Timu ya wakubwa, Mathare United, iliundwa 1994, na mwaka 2008 ikatwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya.

Tuzo hiyo na ubingwa huo ndivyo vinavyotajwa sana. Kwa anayechunguza namna watoto wanavyojifunza, utamu uko mtaroni.

Anayezibua mtaro hahitaji mwalimu wa kumwekea tiki. Maji yanapita au hayapiti. Taka alizozoa Jumamosi zikirudi Jumatano, anaanza kuuliza maswali ambayo kitabu cha sayansi hakina nguvu ya kumsukuma ayaulize: zinatoka wapi, nani anazitupa hapa, na kwa nini lori la jiji halifiki. Halafu kuna hesabu. Tuko nyuma kwa pointi tano, zimebaki mechi mbili, tukifanya usafi mara moja na kutoka sare tutakuwa wapi? Mtoto anayejificha nyuma ya dawati kipindi cha hesabu huipiga hesabu hiyo kichwani, tena kwa sauti, kwa sababu jibu lake linamhusu.

Jambo jingine la MYSA linastahili kuigwa na kila shule yenye kamati ya nidhamu. Mchezaji anayeadhibiwa kwa kumbwatukia refa hupangiwa kuchezesha mechi za watoto wadogo kabla ya kurudi kucheza. Anapewa filimbi. Dakika chache baadaye anazungukwa na wachezaji wa miaka kumi wakimlilia penalti, na hapo anaelewa urefa ni nini. Hotuba ya nusu saa kuhusu heshima isingemfikisha huko.

Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria aliyekuja kufundisha katika chuo cha MIT nchini Marekani, alieleza kwa nini mambo haya yanafanya kazi: mtu hujifunza kwa kina anapotengeneza kitu halisi ambacho wengine watakiona, watakitumia au watakikosoa. Mwaka 1993 wenzake wa MIT walishiriki kufungua Computer Clubhouse huko Boston. Hapo vijana wa familia zenye kipato kidogo waliingia baada ya masomo kutunga michezo ya kompyuta, muziki na katuni zao wenyewe.

Lakini kazi ya mikono peke yake haifundishi, na Afrika Mashariki inalijua hilo vizuri kuliko wengi. Machi 1967 Mwalimu Nyerere, rais wa Tanzania, alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule iwe na shamba, na wanafunzi washiriki kuamua walime nini na mapato yatumike vipi. Katika shule nyingi kilichobaki ni jembe. Aliyechelewa namba alilima, aliyepiga kelele alilima, na mahindi yakishavunwa hakuna mwanafunzi aliyejua yalikokwenda. Uamuzi uliondolewa, jasho likaachwa. Nchini Kenya mtaala wa umilisi, CBC, ulioanza kutumika kitaifa mwaka 2019, umeleta kazi za kutengeneza vitu nyumbani, na wazazi wanataniana kuhusu usiku wanaokesha na gundi na maboksi huku mwenye kazi amelala fofofo. Asubuhi mzazi ndiye anayepata alama.

Mtafiti Roger Hart, katika andiko lililochapishwa na UNICEF mwaka 1992, alichora ngazi ya vipawa vinane vya ushiriki wa watoto. Vitatu vya chini alivihesabu kuwa si ushiriki kabisa. Hapo ndipo watoto hutumiwa bila kuelewa wanachofanya, au hugeuzwa mapambo ya shughuli ya wakubwa. Yeyote aliyewahi kuwaona watoto wakisimamishwa juani saa mbili, wakimsubiri mgeni rasmi ili wamghanie ngonjera ya mazingira ambayo hawakuitunga, ameshakiona kimojawapo cha vipawa hivyo kwa macho yake.

Kipawa cha juu nacho kipo. Mwaka 1991 wanafunzi 12 walikusanyika kwenye baraza la nyumba ya Jane Goodall, Dar es Salaam. Walitaka kuzungumza na mama huyo, aliyekuwa akiwachunguza sokwe wa Gombe tangu 1960, kuhusu mambo yaliyowakera, ukiwemo uvuvi wa baruti unaovunja matumbawe. Badala ya kuwapa mhadhara, aliwahimiza wachukue hatua. Hivyo ndivyo Roots & Shoots ilivyozaliwa. Goodall alifariki Oktoba 2025, na mpango huo umeshafika katika nchi zaidi ya 60. Kila kikundi hujichagulia kazi ya kusaidia watu, wanyama au mazingira. Bila shaka si kila kikundi kinaishi kwa kanuni hiyo. Miche inayopandwa mbele ya kamera na kukaukia hapo hapo ni ngonjera nyingine tu.

Kwa hiyo mzazi anayemtafutia mwanawe klabu ya alasiri asianze na ada, wala idadi ya kompyuta, wala rangi ya fulana. Aende siku ya kazi, amvute pembeni mtoto mmojawapo, si kiongozi, amwulize: wiki ijayo mtafanya nini, na nani ameamua? Akijibiwa kwamba wanamsubiri mwalimu awaambie, ashukuru kwa ukarimu na aendelee kutafuta.