Zulia la kufuliwa kwa mashine: Je, mnunuzi wa Bwera anapata thamani ya fedha zake?

Muuzaji wa mazulia hukunja pembe ya zulia jembamba, humwonyesha mteja jinsi lilivyo jepesi, kisha hutamka maneno yanayoweza kufunga biashara: "Mama, hili unalifua nyumbani kama shuka." Bei yake huenda ikawa mara tatu au nne ya lile la kawaida lililotandazwa kando yake.

Kwa familia inayoishi Bwera, mji wa wilaya ya Kasese ulio jirani na mpaka wa Mpondwe, tofauti hiyo si jambo dogo. Ni fedha zinazoweza kulipa sehemu ya karo ya muhula, kununua mabati ya jikoni au kuongeza mtaji wa kibanda sokoni. Lakini huenda ni familia hiyohiyo yenye mtoto anayetambaa sakafuni, wageni wanaoingia na matope ya msimu wa mvua, na mzee anayehitaji kuhudumiwa chumbani. Je, zulia hilo linastahili gharama yake?

Jibu fupi ni kwamba inategemea mambo mawili: litafuliwa mara ngapi kwa mwaka, na litaanikwa wapi. Jina lake linataja mashine, lakini kwa nyumba nyingi mashine si jambo la kwanza la kuulizia.

Kinachouzwa ni nini hasa?

Zulia la kawaida lenye nyuzi ndefu hushikiliwa na tabaka la chini lililopakwa gundi. Halikutengenezwa kuzamishwa majini mara kwa mara. Likilowa mno, gundi hulegea, nyuzi huanza kung'oka na zulia hupoteza umbo lake.

Zulia la kufuliwa hutengenezwa jembamba kwa makusudi, na kwa kawaida huwa la aina moja kati ya mbili. Aina ya kwanza ni kipande kimoja chenye tabaka jepesi la mpira chini ili lisiteleze. Aina ya pili ina vipande viwili: tandiko linalobaki sakafuni, na kitambaa cha juu kinachonata juu yake, ambacho ndicho hubanduliwa na kufuliwa. Mfumo huu wa vipande viwili ulipata umaarufu kupitia kampuni ya Marekani iitwayo Ruggable, iliyoanzishwa na Jeneva Bell mwaka 2010. Huko, mazulia makubwa ya namna hiyo huuzwa kwa mamia ya dola.

Wazo hilo lilizaliwa katika nchi ambako mashine ya kufulia ni kifaa cha kawaida nyumbani, umeme haukatiki mara kwa mara na maji hutoka bombani kwa nguvu. Mnunuzi wa Bwera anapaswa kuuliza ni sehemu gani ya wazo hilo itakayofanya kazi katika nyumba yake.

Mashine na kilo zake

Mashine nyingi za nyumbani hubeba kilo 7 au 8 za nguo, na uzito huo ni wa nguo zikiwa kavu. Zulia la mita 2 kwa mita 3 lina ukubwa wa mita 6 za mraba. Iwapo kila mita ya mraba ina uzito wa kilo 1, zulia zima lina kilo 6, nalo litaingia kwenye mashine ya kilo 7 kwa taabu. Iwapo kila mita ina kilo 2 na nusu, kama ilivyo kwa mazulia mengi mazito, zulia hilo litakuwa na kilo 15. Hakuna mashine ya kawaida ya nyumbani itakayolipokea, hata kama limeandikwa kwamba linafulika.

Pili, mashine inayopasha maji moto huhitaji umeme wa takriban wati 2,000 wakati wa kupasha. Mtambo mdogo wa sola unaowasha taa na kuchaji simu hauwezi kuiendesha. Nao umeme ukikatika katikati ya kazi, zulia hubaki limejaa maji ndani ya mashine iliyofungwa.

Kwa hiyo, nyumba isiyo na mashine inanunua kitu kingine: wepesi. Zulia jembamba linaweza kufuliwa kwa mkono katika beseni kubwa au juu ya sakafu safi ya saruji, kukamuliwa na watu wawili, na kuanikwa kwenye kamba. Hiyo ni faida ya kweli. Ila zulia la aina nyingine, likiwa jembamba vilevile, huitoa faida hiyohiyo kwa bei ndogo.

Hesabu ya kufanya kabla ya kulipa

Njia rahisi ya kuamua ni kulinganisha bei na gharama ya kila ufuaji. Tuchukue mfano, ambao msomaji anaweza kuubadilisha kwa bei za mahali alipo.

Tuseme zulia la kawaida linauzwa shilingi 200,000 na la kufuliwa shilingi 700,000. Tofauti ni shilingi 500,000. Tuseme pia kwamba kulipeleka la kawaida kwenye sehemu ya kuoshea magari, ambako mazulia nayo huoshwa, kunagharimu shilingi 20,000 pamoja na nauli ya boda boda, ilhali kulifua la pili nyumbani kunagharimu shilingi 5,000 za sabuni na maji. Kila ufuaji unaokoa shilingi 15,000.

Ukigawanya 500,000 kwa 15,000, unapata takriban mara 33. Maana yake ni kwamba zulia la bei ghali linaanza kurudisha tofauti ya bei yake kuanzia ufuaji wa 34.

Familia inayofua zulia mara 4 kwa mwaka itahitaji zaidi ya miaka 8 kufika hapo, na si rahisi zulia jembamba la sebuleni kudumu muda huo. Familia inayofua kila mwezi itafika hapo kabla ya miaka 3 kutimia. Bidhaa na bei ni zilezile, lakini familia ya kwanza imepoteza fedha na ya pili imeokoa.

Hesabu hiyo inabadilika tena ikiwa kuna chaguo la tatu. Zulia jembamba la pamba, mkeka wa plastiki au mkeka wa mafunjo unaweza kununuliwa kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Mkeka wa plastiki hupanguswa au kumwagiwa maji na kukauka haraka. Mkeka wa mafunjo haupendi maji mengi, lakini hukung'utwa, hupanguswa na kuanikwa juani. Kwa chumba cha watoto au varanda, ni vigumu kuona zulia la shilingi 700,000 litakalofanya kazi bora zaidi.

Mahali pa kuanika ndipo penye mtihani

Eneo hili hupata misimu miwili ya mvua kwa mwaka, ule wa Machi hadi Mei na ule wa kuanzia Agosti hadi Novemba. Ndiyo miezi ambayo matope huingia ndani kwa wingi, na ndiyo miezi ambayo kuanika ni kugumu. Zulia likikaa na unyevu, ukungu unaweza kuanza kuota ndani ya siku moja au mbili, na harufu yake haiondoki kwa urahisi.

Hapa ndipo aina ya nyuzi inapokuwa muhimu kuliko rangi. Nyuzi za polista na polipropilini hazinyonyi maji ndani yake. Maji hubaki katikati ya nyuzi na hutoka yakikamuliwa. Pamba hunyonya sana, hivyo zulia la pamba huwa zito likilowa na huchelewa kukauka. Sufu na juti huhitaji uangalifu zaidi: sufu hujikunja katika maji ya moto, na juti hudhoofika na kubadilika rangi ikiloweshwa.

Uzito wa maji nao usisahaulike. Jerikeni moja ya lita 20 iliyojaa ina kilo 20 za maji. Zulia zito linaweza kubeba kiasi kama hicho, na kulinyanyua ni kazi ya watu wawili au watatu. Mama anayebaki nyumbani peke yake mchana hatalifua mara nyingi, hata kama maji yapo.

Baadhi ya watu huamua kulipeleka zulia mtoni. Sabuni na uchafu vinavyotoka humo huwafikia walio chini ya mto, ambao huenda wanachota maji hayohayo kwa matumizi ya nyumbani. Ni salama zaidi kufulia mbali na mto na kumwaga maji machafu ardhini.

Na afya ya watoto?

Wauzaji wengi hutaja vumbi na pumu. Kuna ukweli ndani yake. Mazulia huhifadhi utitiri wa vumbi, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, ambao kinyesi chao huchochea pumu na mafua ya mzio kwa baadhi ya watu. Kufua kwa maji ya nyuzijoto 60 huwaua. Kufua kwa maji ya baridi huondoa sehemu kubwa ya vumbi lenyewe, lakini hakuwaui wote.

Hata hivyo, zulia linalofulika huleta nafuu iwapo tu linafuliwa. Likikaa miezi sita bila kuguswa, halina tofauti na jingine. Na kwa mtoto mwenye pumu, sakafu ya saruji inayopigwa deki, bila zulia lolote chumbani anamolala, ni rahisi zaidi kuiweka safi. Wala zulia haliwezi kuchukua nafasi ya dawa aliyoandikiwa na mganga.

Kwa nyumba zenye sakafu ya udongo, tahadhari ni kubwa zaidi. Unyevu hupanda kutoka chini na kunaswa na mpira wa zulia, na ukungu huota upande usioonekana. Hapo fedha zingefaa kwanza kusakafia chumba.

Nani anunue, na nani asubiri?

Zulia la kufuliwa lina maana kwa nyumba inayomhudumia mzee au mgonjwa asiyeweza kujizuia haja ndogo, nyumba yenye watoto wachanga kadhaa, au nyumba ya kulala wageni inayolazimika kufua kila wiki. Kwao ufuaji wa 34 unafika upesi, na usafi una thamani isiyohesabika kwa shilingi peke yake.

Lina maana ndogo kwa sebule inayofunguliwa siku za wageni tu, ambako viatu huachwa mlangoni na zulia hufuliwa wakati wa Krismasi au Idi. Hapo zulia la kawaida, au mkeka mzuri, linatosha. Na anayefikiria kukopa ili kulinunua aongeze riba kwenye bei kabla ya kufanya hesabu yake, kwa maana hata riba ndogo huusogeza mbali ule ufuaji wa 34.

Mambo ya kukagua dukani

Lebo ndiyo ahadi iliyoandikwa. Alama ya beseni lenye maji humaanisha kwamba bidhaa inafulika, na namba iliyomo ndani, kama 30 au 40, ni kiwango cha juu cha joto la maji. Mkono ndani ya beseni humaanisha kufua kwa mkono tu. Beseni lililokatwa kwa alama ya X humaanisha lisifuliwe kabisa, hata muuzaji aseme nini. Zulia lisilo na lebo lisilipiwe bei ya zulia lenye lebo.

Mnunuzi aligeuze zulia na kutazama mgongo wake. Mpira unaopasuka ukikunjwa, au unaoacha unga kidoleni, utabanduka baada ya kufuliwa mara chache na kuachwa juani. Kisha alowanishe kitambaa cheupe na kukisugua pembeni. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, itahamia pia kwenye sakafu na kwenye nguo za mtoto.

Alinyanyue zulia zima likiwa kavu. Ikiwa mtu mmoja anashindwa kulibeba, basi likilowa halitafuliwa nyumbani. Kama ni la vipande viwili, aulize iwapo tandiko la chini limo ndani ya bei, na iwapo kitambaa cha juu kinauzwa peke yake siku kile cha kwanza kitakapochakaa.

Mwisho ni suala la kurudisha bidhaa. Anayeagiza kutoka Kampala, umbali wa zaidi ya kilomita 400, hulipokea zulia likiwa limekunjwa ndani ya mfuko, na gharama ya kulirudisha huenda ikamwangukia yeye. Picha ya simu haionyeshi uzito wala mgongo wa zulia. Kwa bidhaa ambayo thamani yake yote iko katika mambo hayo mawili, kuligusa kabla ya kulipa ni sehemu ya ununuzi.

Kabla ya kwenda dukani, basi, familia ikae na kujibu swali moja kwa ukweli: mwaka uliopita, zulia lililopo lilifuliwa mara ngapi? Mara nyingi idadi hiyo ndiyo inayotabiri vizuri zaidi jinsi zulia jipya litakavyotumika. Ikiwa ni mara mbili, bei kubwa haitaifanya kuwa kumi na mbili.