Je, Wajua? Kaldera Iliyozipa Nyingine Jina
Wanajiolojia huiita Ngorongoro kaldera, neno la Kihispania lenye maana ya sufuria kubwa ya kuchemshia. Lilitoka visiwa vya Canary. Huko, kwenye kisiwa cha La Palma, kuna bonde kubwa la mviringo liitwalo Caldera de Taburiente. Mwanajiolojia Mjerumani Leopold von Buch alifika visiwani mwaka 1815, akalichukua neno hilo na kulieneza Ulaya. Waingereza wakalipokea bila kubadili hata herufi moja.

Siku hizi kaldera ni shimo linalobaki volkano ikishamwaga magma yake: chumba cha chini kinakuwa kitupu, na kilele, kwa kukosa cha kukishikilia, kinadidimia. Ngorongoro ilipatikana hivyo miaka milioni 2 hadi 3 iliyopita. Sakafu yake ina takriban kilomita za mraba 260, na kuta zake kimo cha mita 600 hivi.

Na Taburiente yenyewe? Ajabu ni kwamba haikudidimia hivyo. Ilichongwa zaidi na maporomoko makubwa ya ardhi, kisha mmomonyoko wa maji. Kwa maana ya leo si kaldera halisi, ingawa ramani za Hispania bado zinaiita hivyo.