MIMBARI NA SIKIO LA MCHUNGAJI

Mwezi wa Agosti 1998 maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima walikutana Canterbury, Uingereza, katika Mkutano wa Lambeth, wakapiga kura juu ya mapenzi ya watu wa jinsia moja. Waliolikubali azimio walikuwa 526, waliolikataa 70, na 45 hawakuelemea upande wowote. Maneno yasemayo kwamba tendo hilo halipatani na Maandiko yaliingizwa kwa hoja ya Askofu Mkuu wa Tanzania wa wakati huo, Donald Mtetemela. Katika mjadala huu, basi, nchi yetu si mgeni.

Hata hivyo azimio lile lile lina nusu ya pili. Liliwataka waumini wawahudumie watu wote kwa upole, likalaani woga usio na sababu, na maaskofu wakaahidi kuwasikiliza wahusika wenyewe. Kwa maoni yetu nusu ya kwanza imehubiriwa sana, na ya pili imesahauliwa.

Hapo ndipo Wakristo wanapotofautiana. Wako wanaoshikilia kwamba kazi ya mchungaji ni kulitangaza Neno, na kwamba kunyamaza ni kulisaliti. Maaskofu wa Kilutheri wa Tanzania walitoa tamko lao Dodoma mwaka 2010 kuzikataa ndoa za jinsia moja, na hakuna awezaye kuwanyima haki ya kuyasema yale wanayoyaamini. Wengine hujibu kwamba mahubiri husemwa kwa umati, hali taabu ya mtu huwa ni yake peke yake. Naye huhitaji kuketi na mtu, asikilizwe, ndipo ashauriwe.

Ushauri nao una hatari yake. Huko Marekani chama cha Kikristo kiitwacho Exodus International, kilichoanzishwa mwaka 1976, kiliwapa watu tumaini la kugeuzwa maumbile yao. Mwaka 2013 kiongozi wake aliwaomba radhi walioumizwa, na chama kikafungwa. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kuliondoa jambo hili katika orodha ya magonjwa mwaka 1990. Mshauri anayeahidi tiba huahidi asichokuwa nacho.

Kusini mwetu hekima ya jambo hili si ngeni. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926 hadi 1944, hakutosheka kuilaani jando kutoka altareni. Aliiingiza katika malezi ya Kanisa, akiwaacha wazee waendelee kufundisha. Alitambua jambo ambalo makungwi wetu wamelijua siku zote: habari nzito za mwili zina mahali pake, wakati wake na msemaji wake. Hazitangazwi uwanjani.

Tufikirie kijiji kama Nyangamara, au kisiwa kama Songo Songo, ambako kila mtu anamjua mwenzake. Huko mahubiri ya jumla hayabaki ya jumla. Neno moja la fumbo kanisani latosha kuyageuza macho ya watu kwenye nyumba moja, na kabla ya jua kutua kijana amekwisha kukosa mahali pa kulala. Tena Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara huweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa tendo hilo, na chaweza kufikia maisha. Amfunguliaye mchungaji moyo wake, basi, amemkabidhi uhai wake. Siri ya mtungi aijuaye kata. Kata isiyoweza kuitunza isichote maji.

Kwa hiyo twasema: mimbari ifundishe imani ya Kanisa bila kumwelekezea mtu kidole, na yaliyosikiwa faraghani yasipande mimbarini kamwe, hata kwa mafumbo. Vyuo vya uchungaji viwafundishe wanafunzi kusikiliza kwa bidii ile ile wanayofundishwa kuhubiri. Nao viongozi wa vijiji, kata na wilaya wakumbuke kwamba hakuna sheria inayompa jirani ruhusa ya kumpiga jirani, wala mzazi kumtupa mwanawe.

Kondoo mmoja hatafutwi kwa kupigiwa kelele kutoka zizini. Mchungaji hana budi kutoka na kumwendea.