KALIBA YA RISASI: UKUBWA SI HOJA

Ikiwa kuna mjadala ambao haujawahi kupata mshindi katika mabweni yetu, hasa Jumamosi usiku baada ya filamu, ni huu wa bunduki. Huyu atasema G3 ndiyo mwisho wa maneno, yule ataapa kwamba AK-47 haina mshindani, na wa tatu atawanyamazisha wote kwa kutaja bunduki ya kuulia ndovu. Kelele huwa nyingi, lakini ukimwuliza mmoja wao zile nambari za risasi zina maana gani, utamwona anakuna kichwa. Nimeandika makala haya ili mwaka huu tubishane tukijua tunabishania nini. Dai langu ni moja: risasi bora ni ile inayolingana na kazi yake na bega la mwenye kuipiga. Ukubwa peke yake si hoja.

Neno lenyewe

Sisi wana Kiswahili hatuwezi kuingia chumbani bila kupiga hodi, kwa hivyo tuanze na neno. Kaliba ya bunduki ni upana wa tundu la mtutu wake. Wataalamu wengi wa asili ya maneno husema kwamba neno hili lilitoka kwa Waarabu, ambao huita chombo cha kusubia madini "qalib", likaingia Ulaya, likapata maana ya upana wa mtutu na risasi. Sisi nasi tuna neno kalibu kwa maana ileile ya chombo cha kusubia. Kumbe basi kaliba na kalibu ni ndugu waliopotezana njiani, mmoja akaenda ng'ambo, mwingine akabaki pwani!

Jinsi ya kusoma nambari

Waingereza na Wamarekani walizoea kupima kaliba kwa inchi. Ukiona .303, soma nukta tatu sufuri tatu, yaani sehemu 303 za inchi iliyokatwa mara 1000. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hivyo .303 ni kama milimita 7.7. Ile .22 ni milimita 5.6 hivi, upana unaokaribia ule wa penseli. Watu wa bara la Ulaya nao hupima kwa milimita, kisha huongeza urefu wa ganda la risasi. Ukiona 7x57, jua risasi ina upana wa kaliba ya milimita 7 na ganda lenye urefu wa milimita 57. Waingereza waliipokea risasi hiyohiyo wakaibatiza .275. Mtu mmoja, majina mawili.

Hapa ndipo wengi hutegwa. G3 na AK-47 zote huitwa za milimita 7.62. Je, risasi zao ni sawa? Hata kidogo! Ganda la G3 lina urefu wa milimita 51 na la AK-47 lina milimita 39. Ganda refu hubeba baruti nyingi zaidi, na hizi mbili haziwezi kuazimana risasi. Kwa hivyo mwenye kutaja upana bila kutaja ganda amekupa jina la baba bila jina la mtoto.

Mtego mwingine ni nambari zisizopima chochote. Kuna risasi ya Marekani iitwayo .30-06. Ile 06 si upana wala urefu, ni mwaka 1906 ambapo jeshi la huko liliikubali.

Nguvu hutoka wapi?

Ndani ya mtutu mna mifereji iliyojizungusha kama parafujo. Risasi ikipita humo hutoka ikizunguka kama pia ya watoto, na kama ilivyo pia, mzunguko ndio unaoizuia isiyumbe. Gobori la babu zetu halikuwa na mifereji hiyo, ndiyo maana mwenye gobori alilazimika kumkaribia mnyama.

Nguvu ya risasi huhesabiwa kama tunavyofundishwa katika fizikia: nusu ya uzito, mara kasi, mara kasi tena. Angalia vizuri, jamani. Kasi inahesabiwa mara mbili. Ukiongeza uzito maradufu, nguvu huongezeka maradufu, lakini ukiongeza kasi maradufu, nguvu huongezeka mara nne. Basi tupige hesabu za kukadiria, maana kila kiwanda kina risasi zake:

.22: gramu 2.6, kasi ya mita 330 kwa sekunde, jouli 140 hivi.
AK-47: gramu 7.9, mita 715 kwa sekunde, jouli 2000 hivi.
G3: gramu 9.5, mita 800 kwa sekunde, jouli 3000 hivi.
.375: gramu 19.4, mita 770 kwa sekunde, jouli 5700 hivi.
.470: gramu 32.4, mita 650 kwa sekunde, jouli 6800 hivi.

Naam, hiyo .375 ina nguvu mara 40 ya .22. Je, ndiyo bora? Tusikimbilie jibu.

Za kulenga shabaha

Wanaoshindana kulenga shabaha hupenda kaliba ndogo, na wana sababu. Katika Michezo ya Olimpiki kuna shindano la bunduki ya hewa ambalo hutumia kirisasi cha milimita 4.5 kwa umbali wa mita 10. Alama ya kumi kwenye karatasi ina upana wa nusu milimita tu, yaani kinukta cha kalamu! Lipo pia shindano la mita 50, ambalo hutumia .22, na mshindani hupiga akiwa amepiga goti, amelala kifudifudi, na amesimama. Hapo alama ya kumi ina upana wa milimita 10.4, kama kifungo cha shati. Hebu simama mwisho mmoja wa nusu ya uwanja wetu wa mpira ujaribu kukiona kifungo upande wa pili.

Kwa nini .22? Kwanza, haipigi bega teke. Pili, ni ya bei nafuu, na mtu hafanyi mazoezi kwa risasi asizoweza kununua. Tatu, risasi za mashindano hutengenezwa ziende polepole kidogo kuliko sauti, ambayo husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Risasi iliyoipita sauti kisha ikapunguza mwendo na kurudi chini yake hutikiswa njiani. Iliyo chini tangu mwanzo husafiri kwa utulivu.

Lakini mdharau mwiba mguu huota tende. Risasi hiyo ndogo huweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu na kumwua mtu asiyejua lolote. Hakuna risasi ya kuchezea.

Kwa masafa marefu .22 haifai kwa sababu upepo huichukua kama unyoya. Huko Bisley, Uingereza, ambako walengaji hupiga mpaka yadi 1000, karibu mita 914, hutumia 7.62 yenye ganda la milimita 51. Ndugu yake wa tumbo moja ni .308, inayopendwa sana na wawindaji wa Marekani. Hata hiyo huchukua zaidi ya sekunde moja kufika, na mlengaji lazima ausome upepo kabla ya kufyatua.

Za kuwinda

Wawindaji walio wengi hupanga wanyama kwa makundi matatu. Sungura na kanga ni wa .22. Swala na wanyama wengine wa wastani ni wa kaliba za kati, kama 7x57, .303, .308 na .30-06. Nyati, kifaru na ndovu ni wa kaliba kubwa.

Katika za kati, .303 ndiyo iliyotuzoea zaidi Afrika Mashariki. Jeshi la Uingereza liliianza mwaka 1888, ikaja huku na wakoloni, na bunduki ya Mark 4 inayoitumia ilibebwa na polisi wa akiba wa kaskazini mwa Kenya kwa miaka mingi. Ni risasi ya .303 iliyomwangusha simba wa kwanza kati ya wale wawili waliokuwa wakila wajenzi wa reli kule Tsavo. Mwenye bunduki alikuwa J. H. Patterson, Desemba 1898. Simba wa pili alikufa wiki tatu hivi baadaye, naye hakukata roho mpaka alipopigwa risasi kadhaa. Ngozi zao ziliuzwa kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, mwaka 1924, na hadi leo simba hao wamesimama huko, mbali na kwao.

Katika kaliba kubwa, mbili zinazotajwa sana zilitoka London: .416 ya Rigby mwaka 1911, na .375 ya Holland & Holland mwaka uliofuata. Nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji huichukua .375 kuwa kiwango cha chini kwa wanyama hatari. Sababu si majivuno. Nyati aliyejeruhiwa hujificha kichakani akamngoja aliyemjeruhi. Risasi nyepesi ikikwama kwenye mfupa wa bega, mwindaji ameiandika hati ya kifo chake au cha mwenzake, na mnyama naye atateseka kwa siku nyingi.

Bell na fuvu la ndovu

Hapo yule wa tatu bwenini atapiga meza: "Si nilisema? Kubwa ndiyo bora!" Ngoja kwanza, ndugu yangu. Mwanzoni mwa karne ya 20 palikuwa na Mskoti, W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja, Uganda, hata akaitwa Karamojo Bell. Aliua zaidi ya ndovu 1000, wengi wao kwa ile 7x57, yenye nguvu isiyofikia nusu ya .470. Aliwezaje? Alilikata fuvu la ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi hasa. Mifupa ya fuvu la ndovu ina vitundu kama sega la asali, na ubongo umejificha nyuma kabisa. Mwenye risasi kubwa akiukosa ubongo, atamjeruhi ndovu tu. Bell alijua mahali pake, na risasi yake nyembamba na ndefu ilipenya moja kwa moja.

Simsifu kwa mauaji hayo. Biashara ya pembe ilikaribia kutumalizia ndovu, na hesabu ya 1000 inanitia huzuni. Lakini ushahidi wake hauna budi kusikizwa: ujuzi na utulivu wa mkono hushinda unene wa risasi. Isitoshe, kaliba kubwa ina adui ndani yake. Bunduki ikimpiga mtu teke kali mara mbili tatu, mwili wake hujifunza woga. Mara ya nne atafumba macho na kujikunja kabla hajafyatua, na risasi itakwenda kusikojulikana. Ndiyo maana nasema lazima bega lishauriwe.

Ukiniuliza yangu, basi kwa shabaha nitakujibu .22, na kwa ubora wa kazi nyingi nitaipa heshima 7x57. Mwenye jibu lake alilete, ila alete na sababu.

Na sisi Wakenya?

Hapa kwetu serikali ilipiga marufuku uwindaji mwezi Mei 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ikaendeleza marufuku hayo. Jirani zetu Tanzania huruhusu uwindaji wa leseni. Kwa upande wa kumiliki bunduki, sheria yetu yamtaka kila mwenye nayo awe na cheti, hata kama ni ya kulengea shabaha tu.

Je, porini kwetu bunduki zimenyamaza? La. Daktari wa wanyama akitaka kumtibu ndovu aliyenaswa na waya, au kumhamisha kifaru, hutumia bunduki ya usingizi. Kishale chake huwa na upana wa milimita 11 au 13. Naam, hiyo ya 13 ni nene kuliko risasi ya .470 ya kuulia ndovu! Lakini husukumwa taratibu, hudunga dawa, na baada ya dakika chache mnyama hulala. Kazi ikiisha hudungwa dawa nyingine akaamka akaenda zake. Daktari naye hupima kabla ya kufyatua: mnyama ni mkubwa kiasi gani, yuko umbali gani, sindano iwe ndefu kiasi gani. Akisukuma kwa nguvu mno atavunja mfupa, akisukuma kidogo mno kishale kitaanguka njiani. Dawa yenyewe ni kali hata tone lake laweza kumwua binadamu, kwa hivyo hafanyi kazi hiyo peke yake.

Kwa hivyo Jumamosi ijayo mjadala ukianza, mwulize mwenzako maswali matatu: Ni kwa kazi gani? Kwa umbali gani? Na nani anayefyatua? Akikosa kuyajibu, mwambie arudi asome gazeti la chama chetu. Chama cha Kiswahili hoyee!