Milango Mitatu ya Uchafu Katika Dawa

Wanafunzi wenzangu, kila akaaye Kabalagala anakijua kile chakula chenye jina moja na mtaa wetu: ndizi mbivu zilizopondwa, zikachanganywa na unga wa muhogo, kisha zikakaangwa katika mafuta. Mtu akila kabalagala akaumwa na tumbo, hatusemi kwamba ndizi ni sumu. Twauliza: Je, ndizi zilikuwa zimeoza? Je, chombo cha kupondea kilikuwa safi? Je, muuzaji alinawa mikono? Uchafu una milango mitatu ya kuingilia, na kila mlango una kinga yake.

Ndivyo ilivyo pia kwa chanjo, damu ya kuongezewa, na dawa nyingine zitokanazo na viumbe. Dawa hizi hutengenezwa kwa vijidudu, kwa damu ya watu, au kwa viungo vya wanyama. Na kitu kilichotoka katika mwili wenye uhai chaweza kubeba ugonjwa usioonekana kwa macho. Nitaieleza milango hiyo kwa habari za kweli, nikianza na ile iliyotoka hapa kwetu Uganda.

Mlango wa kwanza: Chanzo

Mwaka wa 1967 tumbili walikamatwa Uganda wakapelekwa Ulaya kwa ndege kutoka Entebbe. Zilizotakiwa ni figo zao. Virusi vya polio, ugonjwa ule wa kupooza, havikui katika maji matupu. Vyataka chembe hai, na chembe za figo za tumbili zilifaa sana kuvikuza ili chanjo itengenezwe.

Mwezi wa Agosti wafanyakazi wa kiwanda kimoja katika mji wa Marburg, Ujerumani, wakaanza kushikwa na homa kali, kutapika, kuhara na kutokwa na damu. Wengine wakaugua Frankfurt, na wengine Belgrade, katika nchi iliyoitwa Yugoslavia. Waliotangulia kuugua ni wale waliowapasua tumbili, au walioshika damu yao na chembe zilizokuzwa kutokana na figo zao. Baadaye wakaambukizwa watu wa hospitali waliowauguza, na mke wa daktari wa wanyama huko Belgrade. Jumla ya wagonjwa ilikuwa 31, na 7 kati yao wakafa.

Wataalamu wakavigundua virusi vigeni, wakaviita Marburg kwa jina la mji ule, ingawa vilitoka huku kwetu. Makao yake yalikuja kujulikana baada ya miaka mingi. Mwaka wa 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi ya Uganda, waliugua ugonjwa huo huo. Na mwaka wa 2009 wataalamu wakatangaza kwamba wamepata virusi hai ndani ya popo walao matunda waliokaa katika mgodi huo.

Fundisho ni kwamba kumtazama mnyama au mtu kwa macho hakutoshi. Kwa hiyo wanyama wa kazi hii hutengwa na kupimwa kwanza. Na kwa sababu hiyo hiyo damu ichangwayo na wanafunzi na raia wengine haipewi mgonjwa hivi hivi. Benki ya Damu ya Nakasero huipima kwanza Ukimwi, homa ya ini na kaswende.

Mlango wa pili: Kiwanda

Chanzo chaweza kuwa chema, kazi ya kiwanda ikaharibika. Mwezi wa Aprili 1955 watoto wa Marekani walianza kudungwa chanjo mpya ya polio. Chanjo hiyo ilitengenezwa kwa virusi vilivyouawa kwa dawa. Lakini katika kiwanda cha Cutter, California, virusi vingine havikufa. Watoto waliodungwa wapate kinga walidungwa ugonjwa wenyewe: kadiri ya 40,000 waliugua kidogo, 200 hivi walipooza, na 10 walikufa. Tangu hapo serikali ya nchi ile ikakaza sana masharti ya kupima chanjo kabla haijatoka kiwandani.

Mlango wa tatu: Mkono

Mlango huu ndio ulio karibu nasi zaidi. Mwezi wa Mei 2017, katika nchi jirani ya Sudan Kusini, watoto wapatao 300 walichanjwa surua katika kijiji kimoja upande wa Kapoeta. Watoto 15 wakafa, wote hawajafika miaka mitano, na wengine 32 wakaugua kisha wakapona.

Waliochunguza hawakuilaumu chanjo ya surua yenyewe, bali uchafu ulioingia ndani yake. Chanjo hiyo huja ikiwa unga mkavu, nayo huchanganywa na maji yake maalumu. Bomba moja la sindano lilitumika kuchanganyia siku zote nne za kazi. Hapakuwa na chombo cha kuitunza katika baridi. Waliodunga hawakufundishwa, na miongoni mwao walikuwamo watoto wa miaka 12. Chanjo ya surua haina dawa ya kuua bakteria, basi wakiingia na kukuta joto, huzaana na kutoa sumu. Ndiyo maana sheria husema kichupa kilichokwisha changanywa kiwekwe katika baridi, na kitupwe baada ya saa 6 hata kama kimebaki nusu.

Wako watu ambao, wakisikia habari kama hizi, huwaficha watoto wao wasichanjwe. Hilo ni kosa kubwa. Surua ni mwuaji wa zamani wa watoto wa Afrika, na chanjo iliyotunzwa vizuri imeokoa wengi mno. Tukiikimbia dawa kwa sababu ya uchafu, tutaukaribisha ugonjwa wenyewe ndani ya nyumba.

Basi tufanye nini? Chanzo na kiwanda viko mbali nasi, vina walinzi wao. Lakini mlango wa mkono twaweza kuulinda sisi wenyewe, kila tuingiapo katika kliniki, iwe ya serikali au ile ndogo iliyo kando ya Barabara ya Ggaba. Umpelekapo mdogo wako, tazama mambo matatu: sindano itolewe mpya katika karatasi yake mbele ya macho yako; chanjo itoke katika kisanduku cha baridi, si mezani; na ujue kichupa kimefunguliwa saa ngapi. Usipoona, uliza kwa adabu. Mwuguzi mwema hatakasirika, maana anajua kwamba kuuliza si ujinga, na kwamba swali lako dogo laweza kuokoa roho ya mtoto.