Saa ya refa wa Buhongwa na wimbi lisilofika Mwanza

DAKIKA nne za nyongeza zilitangazwa kwa vidole. Kwenye ndondo za Buhongwa hakuna kibao cha umeme wala mwamuzi wa akiba. Refa ananyoosha mkono juu, anaonyesha vidole, na mashabiki wanaanza kumzomea hapohapo, wengine wakidai ni nyingi, wengine ni chache.

Matokeo yalikuwa 1-1 na kila mtu alishaanza kuwaza penalti. Kona ya mwisho ikapigwa, beki mmoja mrefu akapanda, kichwa, wavuni. Wakati huo waliokuwa wamefungua saa za simu zao pembeni mwa uwanja walishapiga kelele kwamba dakika nne zimekwisha. Upande mmoja uliingia uwanjani kukumbatiana, upande mwingine uliingia kumtafuta refa.

Jamaa akafanya kosa moja. Badala ya kuonyesha kati na kuondoka, alinyoosha mkono wa kushoto wenye saa nyeusi ya mpira na kutangaza kwamba saa ile inajirekebisha yenyewe kwa redio, kwa hiyo haiwezi kukosea.

Kijana mmoja akasogeza simu yake karibu na ile saa. Zilikuwa zimepishana kwa zaidi ya dakika moja.

"Refa, redio gani hiyo? Ya mkaa?"

Kicheko kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko matusi. Kamati ya mashindano ililipitisha bao, lakini refa aliondoka kwa bodaboda akiwa amekaa katikati ya watu wawili, na kwa wiki kadhaa jina lake mtaani likawa Redio ya Mkaa.

Mwamuzi huyo, ambaye wiki nzima ni mwalimu na jioni za mwisho wa wiki anapuliza kipyenga, hakuwa anadanganya. Aliamini alichokisema. Saa yenyewe ni G-Shock halisi, ile ya mraba, aliyoinunua ikiwa imetumika kwa mfanyabiashara wa Makoroboi, katikati ya jiji. Ina paneli ndogo ya jua kuzunguka kioo na maandishi ya Kiingereza yanayosema inapokea mawimbi kutoka vituo sita. Alijibana miezi miwili kuipata. Rafiki zake walimwambia kwa hela ile angepata simu.

Kwa anayepuliza kipyenga kwenye vumbi la Buhongwa, saa kama ile ina maana. Saa za bei chee hazidumu. Jasho linaingia, kioo kinapata ukungu, betri inakufa dakika ya 30 na refa anabaki kukadiria. Mpira wa kubutua ukigonga kifundo cha mkono, ndiyo basi.

Hata G-Shock ilizaliwa kwa sababu ya saa iliyovunjika. Kikuo Ibe, mhandisi wa kampuni ya Casio ya Japani, aliangusha saa aliyopewa na baba yake ikasambaratika. Akaanza kutafuta saa isiyovunjika. Timu yake ilitengeneza sampuli zipatazo 200 na kuzidondosha kutoka dirishani ghorofa ya tatu, moja baada ya nyingine, zote zikifa. Jibu alilipata alipomwona mtoto akidundisha mpira bustanini, akawaza kwamba kitu kilicho katikati ya mpira hakisikii kishindo cha nje. Aprili 1983 saa ya kwanza, DW-5000C, ikaingia sokoni. Kwa hiyo mpira ulishahusika tangu mwanzo, ingawa si wa ndondo.

Jua lilikuja baadaye. Saa ya aina anayovaa mwalimu ikijaa chaji hukaa takriban miezi 10 bila kuona mwanga, na ikiwekwa gizani hujizima kioo ili kutunza nguvu. Hilo nalo lilimtoa jasho. Ligi ya mtaa iliposimama aliifungia kabatini, siku ya kuitoa akakuta kioo cheupe hakina namba hata moja. Alishaanza kumlaani muuzaji. Alipotoka nayo barazani, namba zikarudi kama hakuna kilichotokea. Kwa upande wa jua, Mwanza haina deni na mtu.

Tatizo lilikuwa redio.

Baada ya siku ya aibu alirudi mjini kwa fundi wa saa, mzee mwenye meza ya kioo na lenzi ya jicho moja. Mzee aliigeuza, akabonyeza vitufe viwili vitatu, akacheka kidogo.

"Mwalimu, hii umeiweka mji gani?"

"Jeddah, mzee. Saa zetu na zao ni sawa."

"Sasa ukiiweka Jeddah haitafuti hata wimbi. Na ukiiweka Berlin itatafuta mpaka asubuhi isipate."

Fundi alikuwa sahihi. Vituo sita vinavyozungumzwa viko nchi tano tu: viwili Japani, kimoja China, kimoja Marekani, kimoja Anthorn kule Uingereza na kimoja Mainflingen, Ujerumani. Vinarusha saa iliyopimwa kwa mitambo ya atomu, na saa ya mkononi huamka usiku wa manane kusikiliza. Casio yenyewe inaeleza kwamba kwa Ulaya wimbi linapokelewa ndani ya takriban kilomita 1,500. Kutoka Mainflingen hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 6,000. Afrika Mashariki yote haina mnara wa namna hiyo.

Miezi mitano mwalimu alikuwa akiilaza saa yake dirishani kila usiku, kama kitabu cha maelekezo kinavyoagiza, ikiwa imeelekezwa upande ambao alidhani ndiko iliko Ulaya. Mkewe alikuwa akiuliza kama inaota jua la usiku.

Bila wimbi, G-Shock ya redio inabaki saa ya kawaida inayoweza kupishana sekunde 15 kwa mwezi, mbele au nyuma. Zidisha kwa miezi mitano, unapata sekunde 75. Ndiyo ile dakika na ushee iliyoonekana kwenye simu ya yule kijana.

Sasa hapa ndipo watu wa Buhongwa nao walipotea. Sekunde 15 kwa mwezi ni nusu sekunde kwa siku. Kwa kipindi cha dakika 45 kosa hilo halifikii hata sehemu ya hamsini ya sekunde. Saa inaweza kusema ni saa 12 jioni wakati imeshapita dakika moja, lakini ikihesabu dakika 45 zitakuwa 45 zilezile. Refa hahitaji kujua ni saa ngapi Berlin. Anahitaji kujua muda gani umepita tangu apulize, na hilo hata saa ya Jeddah inalimudu.

Bao lile lilikuwa halali kwa sababu nyingine kabisa, ambayo mwalimu hakuitaja siku ile. Sheria ya 7 ya soka inasema dakika za nyongeza zinazotangazwa ni kiwango cha chini. Refa anaweza kuziongeza, hawezi kuzipunguza. Ndani ya zile nne kipa alikuwa amelala chini akishika goti, na maji yaliingia. Alipaswa kusema hivyo tu. Akasema redio.

Wapo wakubwa walioadhirika zaidi. Juni 3, 1978, kwenye Kombe la Dunia kule Mar del Plata, Clive Thomas wa Wales alimaliza mechi ya Brazil na Sweden wakati kona ikiwa hewani. Zico akaipiga kichwa ikaingia, bao likakataliwa, 1-1. Na wengi bado wanakumbuka Januari 12, 2022, Limbe, Cameroon, kwenye Afcon: Janny Sikazwe wa Zambia alipuliza kumaliza mechi ya Tunisia na Mali dakika ya 85, akarudisha watu mchezoni, kisha akamaliza tena kabla ya dakika ya 90 kutimia. Mali walishinda 1-0. Baadaye ilielezwa kwamba alizidiwa na joto.

Mwalimu hakuiuza saa. Walikuja wawili kuitaka, mmoja wao ni kijana yuleyule wa simu, akakataa. Ameinunulia mwenzake, saa ndogo ya bei chee anayoivaa mkono wa kulia. Ya kulia anaiacha itembee bila kusimama. G-Shock anaisimamisha kila mchezaji anapotibiwa au mpira unapopotelea kwenye mahindi ya jirani. Tofauti ya saa hizo mbili ndiyo dakika zake za nyongeza.

Jumamosi iliyofuata alipangiwa mechi ya saa 10 jioni, na saa yake ilisoma 16:00 kama simu ya kila mtu. Kabla ya kurusha shilingi aliwaita manahodha wote wawili katikati ya uwanja, akaomba simu ya mmoja, akairekebisha G-Shock mbele yao hadi sekunde zikalingana.

Nahodha mmoja akamuuliza kama redio imeshafika. Mwalimu akamwambia achague upande wa shilingi.